Mbuzi Mzima wa Bi Batuli

Pale Sombetini, Arusha, Bi Batuli alikuwa haamini kitu mpaka akinuse. Maziwa aliyoletewa na Nosim kila asubuhi aliyamimina kwanza kwenye kikombe, akayanusa, akayainamisha kuona kama yametiwa maji, ndipo akaleta sufuria. Nosim, Mwarusha na Mlutheri wa upande wa magharibi ya Mlima Meru, alisimama mlangoni na dumu lake miaka nenda miaka rudi akingoja upelelezi uishe.

Tusimcheke mno. Mumewe alipofariki, shemeji zake walikuja na sukari na mchele, wakalia naye, na kabla arobaini haijafika wakaulizia hati ya kiwanja. Aliipigania nyumba ile mpaka akabaki nayo. Tangu hapo, ukimpa zawadi anatazama kwanza kama mlango bado ni wake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mwaka huo bodaboda ilimgonga akavunjika mguu, jiko la vitumbua likapoa, na asipokaanga, yeye na wajukuu zake hawali. Krismasi ilipokaribia, akina mama wa kanisa la Nosim walichinja ng'ombe wakaja kuwagawia nyama wagonjwa na wajane, bila kuuliza dini ya mtu. Batuli aliwachungulia dirishani wakiingia nyumba hii na ile na ndoo zao. Kwake hawakuingia. Akakasirika, ingawa wangeingia pia angekasirika.

Mchana wa mkesha wa sikukuu Nosim alifika peke yake, akivuta beberu mweusi. Akamwamkia, akamwambia huyo ni wake, ale na wajukuu. Batuli akaitikia marahaba macho yakiwa kwa mbuzi. Wenzake wamepewa vipande, yeye mnyama mzima? Kuna nini hapo?

"Unataka nini kwangu?" akauliza.

"Nataka ule, mama."

Hata shemeji zake walisema vivyo hivyo. Nosim alimfunga mbuzi kwenye mpera, akaaga, na kabla hajafika mbali Batuli alikuwa ameshampigia simu Sifaeli, mjumbe wa mtaa. Alimwambia ameachiwa mbuzi asiyemwelewa, na msimu huu mifugo huibwa. Alichotaka ni mbuzi aondoke, kesho asije akadaiwa nyumba. Sifaeli akamkimbilia Nosim, akamrudisha, akampeleka ofisi ya mtaa pamoja na mbuzi wake.

Haukupita muda akabisha mzee Jabiri, jirani anayewachinjia Waislamu wa pale, kisu kimefungwa kwenye gazeti. Akauliza mnyama yuko wapi.

"Nani kakutuma?"

"Yule mama wa maziwa. Kasema ng'ombe wao wamechinja wenyewe, wewe usingekula. Na hata nyama niliyoichinja mimi akikuletea, utainusa mpaka kesho. Ndiyo maana akakuletea mzima, dada, nikuchinjie mbele ya macho yako."

Batuli aliona aibu, ile aibu ya kweli inayopanda mpaka masikioni. Alichukua magongo yake akatoka, na jinsi mguu ulivyomuuma aliona ni haki yake.

Ofisini, Nosim alikuwa ameketi kwenye benchi na kitenge chake cha kanisani, kamba ya mbuzi mkononi, watu wamejaa mlangoni kumwona mwizi wa Krismasi. Sifaeli alikuwa akimuuliza tena mbuzi ni wa nani.

"Wangu," akasema Batuli. "Kaniletea mwenzangu. Mwenye kosa ni mimi."

Sifaeli akaguna kwamba ni yeye mwenyewe aliyepiga simu. Batuli akawageukia wale wa mlangoni, akarudia maneno yake kwa sauti, mpaka wakaanza kuondoka.

Nosim hakuinuka. "Mama, miaka yote unanusa maziwa yangu. Umewahi kukuta maji?"

"Sijakuta."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, mwanangu."

Nosim alimtazama mguu. Kisha akasimama, akamshika kwapani kwa mkono mmoja, wa pili ukavuta mbuzi, wakarudi nyumbani kwa Batuli, Jabiri alikokuwa akingoja.

Baada ya sikukuu maziwa yalikuja kama kawaida. Nosim alisimama mlangoni na dumu lake, uso umekauka, akingoja kikombe kile. Batuli alikuwa ameshika sufuria.