Jokofu la Mama Giza

Wenzake hospitalini walimwita Mama Giza, maana mfamasia huyo hakutaka mwanga uiguse dawa yake. Alikuwa akichanganya dawa ya maji ya vitamini B6 kwa watoto wachache ambao kifafa chao hakikutulizwa na kitu kingine. Mwanga na joto huiharibu upesi, kwa hiyo aliomba jokofu.

Jokofu lilikuja, likapigwa picha, kisha likapelekwa ofisini kwa mkuu wa hospitali, eti kwa usalama. Mama Giza alipokwenda likizo, mkuu akaitoa dawa jokofuni ili soda za wageni zipate nafasi, akaipanga dirishani.

Aliporudi kazini alimkuta mama wa mtoto mmoja akimsubiri, macho mekundu.

"Dada, mwanangu ameanza kuanguka tena. Na dawa nampa kama ulivyonielekeza."

Mama Giza aliitazama chupa ambayo mama huyo alipewa wakati wa likizo; dawa ilikuwa imebadilika rangi. Akaimwaga, akachanganya nyingine, akaingia ofisini kwa mkuu bila kubisha hodi.

Baadaye mkuu alifoka, "Soda zangu ziko wapi?"

"Dirishani, mkuu, pale ulipoiweka dawa."

"Si zitapata moto!"

"Zitapata moto, ila hakuna mtoto atakayeanguka."

Mkuu akaunda kamati. Kamati ikakaa, ikanywa soda za moto huku imekunja uso, ikaamua haraka kuliko kamati yoyote iliyotangulia: jokofu lihamie chumba cha dawa.

Yule mama alirudi akicheka. "Hajaanguka tena, dada!"

Mama Giza akageukia ukutani, akajifanya anapanga chupa.