Kofia ya Bibi Borghild

Mdogo wangu Sunniva alicheza hoki ya barafu chuoni miaka minne bila kufunga hata bao moja. Alikuwa beki, na alizuia kwa mwili mzima. Meno mawili ya mbele aliyaacha uwanjani Duluth. Mashabiki wa wageni walimzomea, "Dada, goli liko upande ule!" Mimi nilikuwa nawajibu maneno yasiyoandikika.

Mechi yake ya mwisho niliitazama na Bibi Borghild, bibi yetu. Muda ukiwa unayoyoma, Sunniva akapiga kutoka mbali. Kile kisahani cha mpira wanachochezea kikagonga mguu wa mtu, kikapinda, kikaingia golini. Bibi akavua kofia yake ya sufu, akaitupa barafuni.

Uwanja mzima ukatugeukia. Kwetu Minnesota, kofia hutupwa mchezaji akifunga bao lake la tatu katika mechi moja. Hata mtoto anajua.

Refa akaja akiteleza mpaka mbele yetu, kofia mkononi.

"Bibi, hilo ni la kwanza! Unataka niiadhibu timu yenu kwa kuchelewesha mchezo?"

"We kijana, nina miaka themanini na minane. Bao moja tu limemchukua miaka minne. La tatu nikalitazamie mbinguni?"

Refa akamgeukia Sunniva, aliyekuwa anacheka pengo wazi.

Nikavua kofia yangu, nikairusha. Nilipogeuka nyuma, sikuona mtu aliyebaki na kofia kichwani.