Kompyuta ilionyesha kisu kitakatikia wapi, nikacheka. Tundu lipo ukutani mpaka leo

Wakuu, salaam. Hili sikusimuliwa, limenikuta mwenyewe hapa Tabora. Anayebisha aje Mtendeni nimwonyeshe ukuta.

Nina karakana, natengeneza mashine za kukamua asali. Msimu ukifika wafuga nyuki hawana subira, kila mtu anataka yake leo leo.

Katikati ya msimu, kisu cha mashine yangu ya kukatia mabati kikafa. Kipya mjini hakuna. Nikafanya tunachofanya mafundi wengi: nikachukua springi ya lori bovu, nikaunga vipande viwili kwa kuchomelea, nikanoa. Bongo hatukwami, au siyo?

Mdogo wangu Zuhura anasomea uhandisi, alikuwa likizo. Akapima kisu, akapima unene wa bati, akaingiza kwenye laptop. Ile programu inakata bati kwenye kioo kabla hujakata la kweli, unaona nguvu inalemea wapi.

Kisu chote kikawa bluu, yaani salama. Doa moja tu jekundu, kushoto, kwenye kiungo.

Kushoto ndipo ninaposimama siku zote kushika bati.

"Kaka, hapa patakatika," akasema. "Na kipande kitakuja kwako."

Nikamcheka. Nikamwambia springi hiyo imebeba tumbaku ya Urambo miaka na miaka, leo ishindwe na bati la asali? Akanuna, akasimama mbele ya mashine, akagoma kutoka mpaka nihamie kulia. Nikahama nipate amani tu, wala sikumwamini.

Nikawasha. Bati la kwanza likakatika safi. Nikamkonyeza.

La pili, wakuu, ulitoka mlio sijawahi kuusikia. Kisu kimekatika pale pale kwenye kiungo. Kipande kimepita ninaposimamaga, kikatoboa ukuta wa bati, tukakiokota uani.

Nikazima mashine. Zuhura analia.

Baadaye nikaenda kujipima na lile tundu. Liko usawa wa kitovu changu.

Nilichojifunza: ukiambiwa hapa pana hatari, hama kwanza, ubishi utaendelea ukiwa mzima. Kisu nimeagiza Dar. Wateja wananuna, wanune.

Mke wangu anataka tundu lizibwe, nimekataa. Asubuhi jua linapenya pale, mwanga unaangukia palepale nilipokuwa nasimama.

Mafundi wenye visu vya springi, mmeshakutwa na haya? Wajuzi wa programu hizi karibuni mtuelimishe. Ila wa kusema "bahati tu", aje kwanza asimame pale.