Siku washenga wa dada yangu walipokula pilau ya gesi ya choo chetu

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa kwenye simu na mnaochungulia kwenye kompyuta ya ofisi. Haya nayosimulia yamenitokea mwenyewe hapa hapa Vingunguti, na mashahidi wapo, wengine bado wamenuna.

Kwanza mnijue kidogo.

Mie ni mtu wa miradi. Nimefuga nyuki juu ya paa, nimefuga funza wa kulishia kuku, nimeuza sabuni ya mwarobaini iliyowawasha wateja. Pia ni mwanaharakati wa mtaa. Mtaro ukiziba, mie ndiye napita na kipaza sauti asubuhi watu watoke wakazibue. Mjumbe wetu akiniona anajifanya anaongea na simu.

Siombi radhi kwa hilo. Mtu asiyejaribu kitu ananichosha.

Ishu ni dada yangu Tumaini. Amewahi kuposwa mara mbili, na zote mbili miradi yangu ilihusika. Posa ya kwanza, nyuki waliwapokea wageni kabla yetu. Ya pili, mama mkwe mtarajiwa alifungua friji atafute maji baridi, akakuta funza wangu wametulia kwenye trei. Wale watu hawakurudi hata kuchukua mwavuli wao.

Kwa hiyo alipojitokeza kijana wa Mbezi Luis, mwalimu, mpole, kwao Shinyanga, mama akaniita chumbani.

"We Beda, safari hii usifungue mdomo. Ukitaja mradi mbele ya wageni, mie si mama yako."

Tumaini alikuwa kando, ananitazama. Anampenda yule mwalimu, hilo hata kipofu angeliona. Roho iliniuma, nikaapa kwamba nitanyamaza.

Wakati huo nilikuwa na mtambo wa gesi nyuma ya nyumba. Unaweka samadi ya machinjioni, unaunganisha na choo chenu, vinakaa kwenye shimo lililofunikwa, gesi inakuja na bomba mpaka kwenye jiko. Haina moshi wala harufu. Niliutangaza mtaa mzima, akina mama wakasema heri wale vibichi. Mama yangu mwenyewe hajawahi kuchemshia hata chai.

Siku ya posa ikafika. Wakaja mshenga, ambaye ni mzee wa suti ya kahawia, pamoja na shangazi wa bwana harusi na bibi yake mzaa baba. Mnajua mambo yetu: mjomba wangu akawatoza faini kwa kupiga hodi kinyonge, akawatoza tena kwa mshenga kukaa kabla hajakaribishwa. Watu wanacheka, mambo matamu.

Mie niko kwenye kona, mdomo nimeufunga kama nimetoka kung'olewa jino.

Mara Tumaini ananiita kwa ishara. Naingia jikoni, mtungi wa gesi umeisha na pilau iko nusu, mchele bado una kiini. Mkaa umelowa mvua ya asubuhi. Duka la mitungi limefungwa, mwenyewe kaenda kanisani.

"Kaka, ule mtambo wako unawaka?"

Wakuu, nilitaka kulia. Hilo swali nimelisubiri kuliko yule mwalimu alivyosubiri kuoa.

Pilau ikaiva. Wageni wakala, wakaongeza. Mshenga akasema hajawahi kula pilau isiyonuka moshi namna ile, akataka kujua siri yake. Familia nzima ikanigeukia.

"Viungo tu, mzee wangu," nikasema. Nilijiona kama nimemkana mtoto wangu, lakini nilitimiza kiapo.

Tungekuwa tumemaliza hapo. Ila shangazi akaomba kwenda chooni.

Jamani, mie nilikatazwa kusema, sikukatazwa kuandika. Na ndani ya mlango wa choo, kwa rangi nyekundu, katika harakati zangu za kuelimisha jamii, niliandika hivi: KARIBU UCHANGIE. UNACHOACHA HAPA NDICHO KINACHOPIKA JIKONI KWETU. ASANTE.

Nilikuwa nimesahau kabisa.

Shangazi akarudi akasimama mlangoni, hakukaa. "Mshenga, weka kijiko chini."

Akaeleza alichosoma. Mshenga akaitazama sahani, akauliza taratibu, "Sasa hapa nimekula cha nani?"

Nikashindwa kujizuia. Nikasimama kueleza kwamba gesi inapita kwenye maji kwanza, nikachora bomba mezani kwa mchuzi wa kachumbari. Nikaharibu zaidi. Mshenga akasema leo upande wao ndio unatutoza faini. Mjomba akaruka, tangu lini upande wa binti ukatozwa faini! Wakaanza kubishania utaratibu, posa yenyewe wameisahau. Mwishowe mshenga akachukua koti lake. Mama akajifunika khanga usoni.

Hapo Tumaini akatoka. Binti hatoki mpaka aitwe, yeye akatoka na aproni yake.

"Shikamooni. Pilau nimepika mie na gesi niliomba mie. Kaka alinyamaza kwa ajili yangu. Ana vituko, lakini ndiye kaka yangu, simbadilishi. Anayeona kinyaa aende sasa hivi, nisije nikampikia mtu maisha yangu yote anakagua sahani."

Akabaki amesimama palepale, anawasubiri waamue.

Ndipo tukamsikia bibi. Muda wote ule hakuwa ameacha kula.

"Kwetu miti hakuna. Nimepikia mavi ya ng'ombe mpaka nyie wote mkaota ndevu, na wewe mshenga ulikuwa unakuja kudoea. Kaa chini. Binti, ukoko umebaki?"

Mshenga akakaa.

Wameoana wakuu, na wanaishi vizuri.

Nilichojifunza ni hiki. Tumaini haamini mradi wangu hata mmoja. Kwake anapikia mtungi wa dukani, nimemwomba nimjengee mtambo amenifukuza. Siku ile hakuitetea gesi, alinitetea mie, na furaha yake ndiyo aliyoiweka rehani. Mie nahangaika kuuokoa mtaa, kumbe nyumbani kuna mtu ananibeba miaka yote na sikuwahi kumwambia asante. Nimemwambia juzi, akaniuliza nataka kuanzisha nini tena.

Haya, jukwaa lenu, matusi yapite taratibu. Ila mnijibu kwa ukweli: ungekuwa wewe, nusu sahani umeshakula na njaa bado unayo, ungeendelea?