Siku Niliyoikalia Ndoo ya Mama Paulina

Cheka kwanza umalize, maana najua umeshasikia: mimi ndiye yule dada aliyekwama kwenye ndoo mbele ya watu, kwenye sherehe ya kipaimara. Ni kweli. Aibu niliipata, tena ya kutosha, ila kuna wanaosimulia kana kwamba nilikuwa nimelewa, kwa hiyo acha niseme mwenyewe.

Nilikuwa nasimamia vijana wa kwaya waliojitolea kupanga maoni ya wanakijiji. Watu waliandika kero zao bila majina, kwa sababu niliwaapia hakuna atakayejulikana, na ripoti ilitakiwa Mbulu mjini Jumatatu asubuhi. Barabara tukaziweka kwenye boksi, zahanati kwenye boksi jingine, ila malalamiko ya maji yalizidi mpaka nikaazima ndoo ya bluu kwa jirani yangu, Mama Paulina. Na hapo ndipo nilipojimaliza, kwa kujifanya mtoto mwema: "Mama, ukiihitaji ipitie tu, hata kama sipo."

Jumamosi mchana akaipitia. Sisi tulikuwa nyuma ya kanisa tunakula makande (Elia, ambaye kila karatasi kwake ni "mengineyo", alikuwa anabishana iwapo chura kwenye bomba ni suala la maji au la mifugo), kurudi ndani, ndoo hakuna. Mama Paulina alifunua, akaona karatasi zimekunjwa vizuri, akadhani kwaya imetuma salamu za pongezi, akaibeba hadi kwenye kipaimara cha mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya maji na kumkabidhi MC.

Nilikimbia. Nafika tu, nasikia kipaza sauti: "Na mpendwa huyu anasema, 'Mwenyekiti anafungulia maji shambani kwake kwanza, sisi tunabaki na tope.' Makofi tafadhali!" (Kuna waliopiga.)

Kumfikia MC ilibidi nipite mbele ya safu ya wazee, na huku kwetu hupiti mbele ya wazee kama mbuzi. Nikainama. "Shikamoo babu." "Marahaba, kwenu hawajambo?" "Hawajambo." "Na ng'ombe?" MC anafungua ya pili. "Shikamoo bibi." "Marahaba binti, mama yako mguu umepona?" MC anafungua ya tatu, safu bado ndefu, jasho linanitiririka, na mimi naendelea kuinama.

Nilipofika nikamnyang'anya MC zile alizosoma, nikazirudisha ndani na kufunika. Mwenyekiti alikuwa ameshasimama, mkono kauelekeza kwenye ndoo.

"Lete hapa. Miandiko ya watu wa hapa naijua yote."

Nikamfikiria yule wa tope, anayesubiri maji kwenye mfereji ule ule anaoufungulia mwenyekiti. Nikaikalia ndoo.

"Binti, ondoka."

"Siondoki, baba. Niliwaahidi."

Hapo mfuniko ukapasuka, nikazama mpaka magoti yakagusa kidevu. Turubai zima lilicheka, hata mtoto wa kipaimara. Nilitaka kulia, nikakasirika badala yake, kisha nikagundua kwamba kukwama kumenisaidia: hakuna karatasi ambayo ingetoka pale bila mimi kutoka kwanza.

Mwenyekiti alipopiga hatua, yule bibi aliyeniuliza habari za mguu akapaza sauti. "Mwacheni. Mtoto aliyetusalimia wote na haraka zake zile hajaja kuvuruga sherehe. Mwenyekiti, rudi ukale pilau yako."

Akarudi. Elia na wenzake wakanibeba nikiwa ndani ya ndoo hadi kanisani, wakanivuta, wakahesabu karatasi, zote zipo. Ripoti ilifika Jumatatu, na hakuna mtu aliyejulikana zaidi yangu mimi.

Mwenyekiti mpaka leo ananiitikia kwa shida. Namwamkia kwa sauti, kila asubuhi. Mama Paulina nimemnunulia ndoo mpya, na cha watu sitakiazima tena kwa kazi hii. Yangu sasa ni ya bati, mfuniko mgumu, na nimeshajaribu kuikalia.