Watakatifu wa Ziwani na Mama Yangu wa Maguu

Wanajumuiya wenzangu mmeniuliza mara nyingi niliona nini kule ziwani, basi nawaandikia mara moja tuyamalize. Sikwenda kutembea, nilitumwa. Mama alikuwa amelala kitandani hapa Maguu, tumbo limevimba, na hospitali ilikuwa imeturuhusu tukamtunze nyumbani. Mnajua maana yake. Asubuhi moja aliniita akasema, "Gaspari, nenda kamlete Skola."

Nilishangaa, maana aliyemfukuza ni yeye mwenyewe. Skolastika ndiye kitinda mimba wetu. Aliolewa na mvuvi wa ziwani, mlokole, na Skola naye akaokoka. Tulipomzika baba, wakati wa Litania ya Watakatifu, sote tuliitikia "utuombee", yeye akafunga mdomo. Mama aliona. Alimwambia mbele ya waombolezaji asikanyage tena hapa mpaka amkumbuke mtakatifu somo wake, yule ambaye Skola alipewa jina lake siku ya ubatizo. Skola alifunga mzigo wake akashuka ziwani, na hakurudi.

Mbinga mjini nilikuta pamechangamka kuliko nilivyopaacha. Biashara ya watu binafsi ilikwisha kuruhusiwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa na mizani zao barabarani, mitumba imetandazwa mpaka mlangoni mwa mashine ya kusaga, na karibu na stendi mhubiri alikuwa akipiga kelele kwenye kipaza sauti. Nilimwambia abiria mwenzangu kwamba siku hizi hata wokovu umeruhusiwa kwa watu binafsi. Hakucheka. Kumbe alikuwa ameokoka.

Kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay nilipanda lori la magunia ya mahindi. Njia inateremka na kuteremka, na kila kona joto linaongezeka, mpaka nikavua koti, kisha sweta. Ziwa lilipojitokeza mbele yetu nilikamata gunia kwa mikono miwili. Sisi Wamatengo wa milimani tunapenda maji yakiwa kwenye mtungi.

Kutoka Mbamba Bay nilifuata ufuko kwa miguu kuelekea upande wa Liuli. Wanawake walikuwa wameanika usipa, dagaa wa huko, mchangani. Mmoja aliniona navuka kijito kwa kunyanyua suruali mpaka mapajani, akaniita, "Mmatengo, maji hayang'ati! Mamba ndiye anayeng'ata." Walicheka sana. Nami nilicheka, lakini nilivuka haraka.

Skola alinitambua nikiwa bado mbali. Alikuja mbio.

"Shikamoo kaka. Mama yupo?"

"Marahaba. Yupo. Anakuita."

Alikaa chini palepale mchangani, akalia. Jioni, baada ya ugali wa muhogo na samaki aina ya mbasa, nilimweleza shemeji yangu Elia. Ni mtu mpole, si mlevi, na mke wake anamtunza vizuri. Lakini alitikisa kichwa.

"Shemeji, pole sana kwa mgonjwa. Ila kule mtampigisha magoti awaite wafu. Safari ile ya mazishi alirudi hapa akawa hali, halali. Sitampeleka mke wangu kwenye jambo hilo tena."

"Si wafu," nilisema. "Ni watakatifu. Wako hai mbinguni."

"Watakatifu ni sisi tuliookoka. Paulo aliwaandikia watu waliokuwa wanapumua."

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Nikakumbuka nimetumwa kuleta mtu, si kushinda mabishano. Kesho yake ilikuwa Jumapili, akaniomba niende nao ibadani. Nikakubali ili nisimuudhi.

Kanisa lao lilikuwa la miti na nyasi. Nilikaa nyuma nikasinzia kwa joto. Mchungaji alisimama kuwashukuru waliokata nyasi za kuezekea. "Namshukuru Mungu kwa watakatifu wake," alisema. "Mtakatifu Yohana!" Akatua. "Mtakatifu Elizabeti!"

"Utuombee!" niliitikia kwa sauti yangu yote ya kwaya ya Maguu.

Kanisa zima liligeuka. Watoto ndio walioanza kucheka, kisha wakubwa. Bibi mmoja mnene, mikono ina magamba ya samaki, alisimama akinitazama. Ndiye Elizabeti. Hakuwa amekasirika.

"Huyu baba ameniomba nimwombee," aliwaambia. "Mnacheka nini? Una shida gani, baba?"

Aibu ilinitoka. Nikasema mama yangu anakufa, anamtaka binti yake. Bibi Elizabeti alimwombea mama pale pale, kwa kelele na machozi, nao wote wakaomba. Tangu nizaliwe sijapata kumwomba mtakatifu na kujibiwa upesi kiasi kile.

Tuliporudi nyumbani Elia bado alisita. Ndipo Skola alipozungumza, kwa heshima, macho chini.

"Baba Neema, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu akishakufa hasikii tena. Kaka anaweza kungoja, yeye ataongea na mama hata kaburini. Mimi siwezi. Nina siku hizi tu, akiwa na masikio. Niache niende."

Elia akaenda kutafuta lori.

Nilidhani tungepumzika Mbinga. Skola alikataa hata kuketi. Usafiri wa Maguu ulikosekana, tukapanda milima kwa miguu, yeye mbele na mwanawe Neema mgongoni, mimi nyuma nikihema, mimi ninayejidai ni mtu wa milimani.

Tulimkuta mama yu hai. Skola alipiga magoti, akamsemesha kwa Kimatengo, na sitaandika aliyoyasema. Mama alimshika kichwa. Jioni aliomba Litania. Niliongoza, majirani wakaitikia, Skola amenyamaza, mkono wake mkononi mwa mama. Nilipomaliza mama akamgeukia. "Na wewe sasa. Omba unavyojua." Akaomba kilokole, na mama akasema amina.

Alifariki wiki ileile.

Sikurudi na jibu kuhusu watakatifu. Skola anasema mama alikuwa mtakatifu hapa hapa, akichuma kahawa na kutugombeza. Mimi nasema yuko kwa Mungu na anatuombea, na kila asubuhi namsimulia habari za shamba. Hatujakubaliana na sidhani tutakubaliana. Nilichojifunza ni kingine. Siku ya kuondoka Skola alisimama kaburini, nikamwambia, "Muage mama." Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mdogo.

"Nilishamuaga, kaka," alisema. "Akanijibu."