Ncha ya Pili ya Kilemba

Kilemba cha baba bado kinanukia mafuta ya haradali aliyopaka nywele zake ndefu. Nilipokuwa mdogo alinipeleka kwenye banda la video, mtaani kwetu Chikongola. Kwenye filamu, Singasinga alichopolewa kilemba, akakimbia akijishika kichwa, na watu wakacheka. Jirani yetu akamgeukia baba.

“Singa, ndugu yako huyo. Hebu na wewe vua tuone.”

“Yule anaigiza, kaka,” baba akasema. “Hiki changu ni dini.”

Wakacheka zaidi.

Kesho yake asubuhi tulikivuta kilemba chake ili tukikunje, kama kila siku, mimi ncha hii, yeye ile. Kisha akajifunga, akakikaza kuliko siku zote.

Leo nakikunja ili avikwe kwa mara ya mwisho, kabla mwili wake haujachomwa. Ncha aliyokuwa akishika nimeifunga kwenye kitasa cha mlango.